Kicheko Dhidi ya Hofu: Mfululizo wa Moses wa Barbara Kimenye na Msomaji Mtoto wa Kiswahili wa Budondo

Ikisiri
Makala haya yanahakiki vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu mwanafunzi Moses kwa kuviweka mbele ya mtoto anayejifunza Kiswahili mashariki mwa Uganda. Hoja ya msingi ni kwamba raha ya vitabu hivyo hutokana na ucheshi wa giza, yaani ucheshi unaochekea mambo ambayo kwa kawaida huogopwa au huliliwa. Inapendekezwa kwamba raha hiyo ihesabiwe kuwa kigezo cha kuteulia vitabu vya watoto vya Kiswahili nchini humo.

1.0 Utangulizi
Budondo ni eneo la mashambani kaskazini mwa mji wa Jinja, kando ya mto Naili. Mtoto wa huko huzungumza Lusoga nyumbani, hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na kwa mujibu wa mtaala wa mwaka 2020, husoma Kiswahili kama somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mjadala uliofuata umehusu zaidi walimu, mitihani na fedha. Swali ambalo limepata nafasi ndogo ni hili: mtoto huyo atasoma nini kwa Kiswahili siku ambayo hakuna anayemlazimisha kusoma?

Swali hili lina uzito wa pekee Uganda. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi walioishi enzi hiyo, lugha hii ilibaki masikioni kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Lugha iliyosikika kwanza kama amri haipendwi kwa amri nyingine. Inahitaji mlango tofauti wa kuingilia nyumbani, na kicheko ni mmojawapo.

2.0 Shule yenye Jina Kubwa
Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka wa Buganda, kisha akawa mwandishi wa habari. Alifariki mwaka 2012. Vitabu vya Moses vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, vikiandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa na Oxford University Press jijini Nairobi. Miongoni mwake ni Moses and the Kidnappers, Moses in Trouble na Moses and the Ghost. Majina hayo peke yake yanaonyesha malighafi ya mwandishi: watekaji, matatizo, mzimu. Haya ndiyo mambo ambayo mzazi humkanya mtoto asiyazungumze usiku.

Kiini cha ucheshi kimo katika jina la shule. Likitafsiriwa, ni Taasisi ya Elimu ya Mukibi kwa Wana wa Waungwana wa Kiafrika. Ndani ya jina hilo la fahari wanakaa wavulana ambao shule nyingine zimewakataa au kuwafukuza. Pengo kati ya ubao wa langoni na maisha ya bwenini ndilo linalochekesha, nalo ndilo lenye giza, kwa kuwa linamwonyesha mtoto kwamba heshima inaweza kuuzwa kama bidhaa, na kwamba mtoto aliyekataliwa anaweza kuwa soko la mtu. Kimenye hasemi hivyo kwa mahubiri. Anamwacha Moses na rafiki yake King Kong waingie matatani, watoke, kisha waingie tena. Msomaji anacheka kwanza. Maana inamfikia baadaye, au isimfikie hadi akue.

3.0 Jirani wa Abunuwasi
Inaweza kudaiwa kwamba ucheshi wa namna hii ni mgeni kwa Kiswahili. Hekaya za Abunuwasi zinakanusha dai hilo. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo, na kueleza kwamba sufuria imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Safari ya pili Abunuwasi harudishi kitu, bali anatoa habari za msiba: sufuria imefariki. Aliyekubali uzazi kwa sababu ulimfaidi hana tena ulimi wa kukataa kifo. Hapa kifo kimechekwa, na tamaa ya mkubwa imefichuliwa, bila hata sentensi moja ya mawaidha. Moses na Abunuwasi hawafanani kwa asili wala kwa umri, lakini wanatumia mantiki ileile: uongo wa mwenye nguvu hukubaliwa kwa muda, kisha humrudia mwenyewe.

Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Onyo hilo ni la haki, lakini jipu lisilotumbuka haliponi. Mtoto anayelala njaa bwenini, anayeogopa kiboko, au anayekaa karibu na maporomoko ya Bujagali ambayo yalimezwa na maji ya bwawa na ambayo wenyeji wanayajua kuwa makazi ya pepo, hahitaji kitabu kimfiche hofu. Anahitaji kitabu kinachoitaja hofu kwa jina na kumpa nafasi ya kuicheka.

4.0 Mipaka na Suala la Tafsiri
Mfululizo huu una upungufu. Shule ya Mukibi ni ya wavulana, na msichana wa Budondo huingia humo kama mgeni. Kuuiga ulivyo hakutoshi. Panahitajika Moses wa kike.

Kwa upande wa tafsiri, Kiswahili kina uwezo wa kuongeza ukali wa kejeli. Mvulana Itchy Fingers anaweza kuitwa Mkono Mrefu, na kila msomaji akaelewa mara moja kwa nini. Neno waungwana, ambalo katika historia ya pwani lilimtofautisha mtu huru na mtumwa, linalifanya jina la shule liume zaidi kuliko katika Kiingereza. Hata hivyo, mtafsiri atakayelainisha wizi, njaa na hila ili kuwaridhisha wakaguzi atakuwa amebakiza ganda na kutupa kokwa.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo
Sera ya lugha hupimwa kwa idadi ya vipindi na watahiniwa. Vipimo hivyo haviwezi kuonyesha kama mtoto aliendelea kusoma baada ya kengele. Inapendekezwa, kwanza, kwamba kamati za uteuzi ziwape watoto wenyewe nafasi ya kusoma miswada kabla ya kupitishwa. Pili, vitabu vya ucheshi visiondolewe orodhani kwa hoja tu kwamba vinawacheka watu wazima. Tatu, waandishi wa Jinja na Mbale wawezeshwe kuandika mfululizo wa Kiswahili wenye mazingira yao. Siku ambayo mtoto wa Budondo ataficha kitabu cha Kiswahili chini ya dawati ili akimalize, lugha hii itakuwa imeanza kutoka kambini.