Zamu ya Umeme

"Umeme ukikatika usiku, sista, mkono wako wa kwanza unakwenda wapi?"

Swali hilo nilimuuliza mkunga mmoja huku Bendera, chini ya milima ya Upare, kwenye jengo la wazazi nililopewa nilichoree umeme, kabla sijapima ukuta hata mmoja. Hakunijibu kwa mdomo. Alisimama, akafumba macho, akapiga hatua tatu, akapeleka mkono moja kwa moja kwenye shubaka la dirisha inapokaa tochi yake. Akageuka kulia, akagusa kitanda cha kujifungulia. "Hapa," akasema. "Halafu mashine ya oksijeni. Friji la chanjo litaningoja, fundi, mradi nisilifungue." Nikaandika kama alivyosema. Mchoro uliofuata, kurasa kumi na moja, ulianzia kwenye hatua zile tatu.

Watu wengi hudhani kuchora umeme wa jengo ni kupanga soketi na taa. Hizo zina sehemu yake, na kijana mwenye bidii hujifunza kwa mwaka mmoja. Uzito wa kazi unakuja pale unapoweka jenereta ya akiba, kwa sababu jenereta haitoshi kila kitu. Haitoshi kwa makusudi. Ukinunua ya kutosha kila kitu umeharibu fedha na, kama nitakavyoeleza, umeiharibu na yenyewe. Basi lazima ukae mchana, jua linawaka, uamue nani atabaki na mwanga usiku ule na nani atakaa gizani. Ukishaamua, unaufungia uamuzi wako ndani ya bodi ya chuma, na usiku ule wewe hutakuwapo kujitetea.

Sisi Wapare hesabu hii tunayo tangu kabla ya taa. Anayepanda milima hii atakutana na ndiva, bwawa dogo la udongo lililokaa mgongoni mwa mlima, linalojazwa usiku na maji ya mfongo, yaani mfereji, na kufunguliwa alfajiri yashuke mashambani. Ndiva ya Manoo, kule Bangalala juu ya Makanya, watafiti wameiandika sana, lakini ziko nyingine nyingi ambazo hakuna aliyeziandika. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kukaa kwenye mfongo kulinda zamu yetu. Nilichokiona pale ni wazee wasiobishana kama maji yanatosha. Walikwisha kukubali kwamba hayatoshi. Walizungumzia mwenye mche mchanga, mwenye mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele, mjane asiye na wa kumfungulia usiku. Kisha zamu ikatajwa, na aliyeambiwa angoje alijua kwa nini anangoja. Kila ninapopanga mzigo wa jenereta nawasikia wazee wale. Dizeli iliyo tangini ni maji ya ndiva: ilijazwa wakati wa utulivu, na itafunguliwa wakati wa haja, kwa zamu.

Kiswahili nacho kimeutendea haki ufundi huu kwa neno moja. Kituo kinachoshusha msongo wa umeme tunakiita kituo cha kupoza umeme. Mashine yenyewe wenye hotuba huiita mashineumba, mafundi tunaiita transfoma, lakini kitendo chenyewe kila mtu anakijua kuwa ni kupoza, kama mama anavyomimina uji kutoka bakuli hili kwenda lile mpaka ulimi wa mtoto uweze kuupokea. Siwezi kupata maelezo bora zaidi. Transfoma ya kVA 100 juu ya nguzo zake mbili inapokea kilovolti 33 kwa waya tatu nyembamba, na hata ikijaa mzigo, kila waya inapitisha chini ya ampea 2. Upande wa chini inatoa volti 400 kati ya njia na njia, volti 230 kati ya njia na nyutro, na kila njia inabeba ampea 144. Nguvu ni ileile. Kule juu imekuwa nyembamba na kali ili isafiri mbali bila kuishia njiani kwa joto, maana ukipunguza mkondo nusu, hasara ya waya inashuka hadi robo. Huku chini imekuwa pana na pole ili mtu aweze kuishi nayo.

Na ndani hakuna kinachozunguka. Nyaya za juu na za chini hazigusani kabisa. Zimezungushiwa chuma kimoja na kuzamishwa kwenye mafuta, na kinachovuka ni sumaku tu. Mwanasayansi Faraday aliliona jambo hili London mwaka 1831, na mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakalipa umbo tunalolitumia mpaka leo. Ukisimama chini ya nguzo usiku Bendera, vyura wa mashamba ya mpunga wakinyamaza kidogo, utaisikia ikivuma. Mvumo huo ni chuma kinachotetemeka mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya mpigo wa umeme wetu. Mimi husimama pale zaidi ya kazi inavyohitaji. Maji yanayopita tambarare hii huingia mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani, na Pangani huzungusha mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964 ikiwa ya megawati 21. Kwa hiyo kile kinachovuma juu ya kichwa changu, sehemu yake ilipita hapa ikiwa maji.

Lakini transfoma ina tabia moja ambayo kila anayechora jenereta lazima alale nayo na kuamka nayo: haijui juu wala chini. Ukiipa volti 400 kutoka upande wa nyumbani, itakupa kilovolti 33 upande wa nguzo, kwa utii uleule. Nikiwa kijana nilifika kwenye kinu kimoja cha kukoboa mpunga, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi. Mwenye kinu alikuwa ameunga jenereta yake moja kwa moja kwenye bodi kwa kebo, bila swichi ya kubadilishia, na swichi kuu amesahau kuizima. Waya wa njia kubwa ulikuwa umekatika jirani tu, na kile kipande kifupi kilichobaki kilikuwa kimeshikana na transfoma ya kinu peke yake. Juu ya nguzo alikuwapo mtu. Alikuwa amepima kwanza, kipimo kikalia, naye akatulia pale juu, mkono ameurudisha kifuani, akitazama huku na huku moto unatoka wapi wakati njia imekatika. Kisha akausikia mngurumo wa jenereta. Nilimwona akiugeuza uso wake polepole kuelekea kinu. Sijausahau uso ule.

Tangu siku hiyo sikubali kazi isiyo na chenjiova, yaani swichi ya kubadilishia, iliyofungwa kwa chuma, ile ambayo mkono wa gridi na mkono wa jenereta imeunganishwa kwa kipande kinachozuia yote miwili isiingie pamoja hata mtu akitaka. Sitegemei kibandiko cha onyo, wala akili ya mlinzi wa usiku. Na swichi yangu hukata nyaya zote nne, nyutro ikiwemo. Mteja akilalamikia bei namsimulia habari ya mtu wa juu ya nguzo, na mpaka leo hakuna aliyeendelea kulalamika.

Sasa ukubwa wa jenereta. Hapa ndipo wenye fedha hukosea kuliko wasio nazo. Injini ya dizeli inataka kufanya kazi. Ukiipa mzigo ulio chini ya theluthi ya uwezo wake miezi na miezi, haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na ekzosi inaanza kuchuruzika uchafu mweusi kama lami. Jengo lile la wazazi lilishaletewa ushauri wa kVA 100, sawa na transfoma. Nilipoorodhesha mahitaji kwa kuanzia pale alipogusa sista kwa mkono wake, taa za kujifungulia, oksijeni, kitanda cha joto cha mtoto, friji, pampu ya maji na taa moja kila ukumbi, kVA 30 ilitosha, na ikawa na kazi. Birika la kuchemshia vifaa na pasi ya nguo vikaenda kwenye bodi ya kungoja.

Pampu ndiyo iliyonisumbua, kwa kuwa mota inapoamka huvuta hata mara sita ya mkondo wake wa kawaida. Ikiamka pamoja na taa, taa zote zitafifia mtoto akiwa katikati ya kutoka. Nikaipa zamu yake: taa na oksijeni kwanza, pampu baada ya nusu dakika, tena kwa sta-delta, njia ya kuiamsha mota kwa upole. Gridi ikirudi, jengo halikimbilii. Linasubiri dakika tano lione kama imerudi kweli, kwa sababu huku kwetu umeme una desturi ya kuchungulia na kuondoka.

Waya wa ardhini nilipima mwezi wa tisa, udongo wa tambarare ukiwa umepasuka. Fundi anayepima wakati wa masika anajidanganya. Ardhi yenye maji inapokea kila kitu. Fimbo moja haikutosha. Tukazika nne, zikiwa zimeachana, hadi kipimo kikashuka.

Halafu majaribio, ambayo wengi huyaruka. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na jenereta, lakini ile ya majengo ya abiria 1B na 1C ilikataa kuwaka. Jenereta ambayo haiwashwi kila wiki na kupewa mzigo ni pambo la uani. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni betri ya kuwashia, kitu ambacho unaweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Jengo lile tulilijaribu saa mbili usiku, wodi ikiwa bado tupu. Nilikata umeme mwenyewe. Giza likaingia, na ndani yake nikasikia hatua tatu za sista, halafu mkono ukigusa shubaka. Huko uani injini ikakohoa, ikashika. Nilihesabu sekunde nane. Taa zilipowaka alikuwa amesimama kando ya kitanda, tochi mkononi, hajaiwasha.

Tochi hiyo bado inakaa shubakani. Sikumwambia aiondoe. Nilimwekea soketi ya kuichajia palepale, kwenye bodi ya jenereta.