Sanaa ya Kisasa na Mambo ya Wakati Wake

Aghalabu wahakiki husema ya kuwa kazi ya sanaa huwa kioo cha zama zake iwapo yataja mambo ya zama hizo. Kipimo hiki ni chepesi mno. Mifano mitatu ya Tanzania, wa kinyago, wa riwaya na wa wimbo, yatosha kuonyesha upungufu wake.

Vinyago vya Wamakonde vyenye watu wengi walioshikamana katika gogo moja la mpingo viliitwa ujamaa, jina lile lile la siasa iliyotangazwa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967. Jina lasema umoja. Mti wasema zaidi, kwani aliye chini ndiye awabebaye walio juu. Asomaye jina peke yake huikosa nusu ya habari.

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizijaribu njia zote mbili. Katika Gamba la Nyoka (1979), kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa kwaelezwa waziwazi. Katika Nagona (1990) msafiri autafuta ukweli, na masimulizi yenyewe hukatika na kujizungusha. Walakini kitabu hiki cha pili, kilichotoka miaka miwili kabla ya vyama vingi kuruhusiwa tena mwaka 1992, ndicho kilichoushika hasa wasiwasi wa watu walioponyokwa na itikadi waliyoizoea. Wasiwasi huo umo katika umbo la masimulizi, haumo katika orodha ya matukio.

Remmy Ongala (1947–2010), mzaliwa wa Kongo aliyepigia muziki Dar es Salaam, aliimba juu ya ukimwi katika "Mambo kwa Soksi". Jina la vazi la mguuni lilisimama mahali pa jina la kondomu, likabeba aibu na tahadhari kwa pamoja. Hata hivyo Radio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo. Ugonjwa ulikuwa umetambuliwa nchini tangu mwaka 1983, lakini lugha ya kuuzungumza hadharani ilikuwa bado haijapatikana. Ukosefu huo ndio ulioonyeshwa na neno soksi.

Wanafunzi huzoezwa kuorodhesha dhamira: ujamaa, ukimwi, rushwa. Orodha kama hiyo hupatikana hata gazetini. Kazi ya mhakiki yaanza pale gazeti linapokoma: kuuliza mti umechongwaje, masimulizi yamekatika wapi, na neno gani limekalia kiti cha jingine.