Kuusoma Mto

Nilimkuta mpiga kayaki mmoja kwenye maporomoko ya Itanda ya Mto Naili, kusini-mashariki mwa Uganda, amechuchumaa juu ya jiwe, kayaki yake imelala nyasini. Kwa robo saa hakugusa kafi. Alitupa kijiti majini, akakifuata kwa macho: kikamezwa na povu, kikaibuka, kikavutwa tena nyuma chini ya mwamba. Akatupa kingine. Nacho kikarudishwa palepale. Akainuka, akajitwika kayaki begani, akayapita maporomoko kwa miguu.

Mikono yenye nguvu wanayo wengi. Ufundi wa kayaki uko machoni: kuujua ulimi laini wa maji unaopenya katikati ya povu, utulivu mdogo nyuma ya jiwe unaoweza kumpumzisha mtu, na pale maji yanapojikunja yakamshika asitoke. Elimu hiyo ilirithishwa ukingoni, mkubwa akimwonyesha mdogo kwa kidole.

Chuo chake kimojawapo kilikuwa maporomoko ya Bujagali, kwenye mto huohuo. Vijana wa pale waliyashuka maporomoko wakikumbatia dumu la plastiki, wapate shilingi za watalii. Kwa Wasoga palikuwa makao ya mzimu. Mwaka 2012 bwawa la megawati 250 likakamilika, Bujagali ikalala chini ya ziwa. Mwaka 2019 likafuata la Isimba. Umeme tunauhitaji, lakini mawe yale yaliyofundisha watu hayaonekani tena.

Hendrik Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeongoza msafara wa kuushuka Mto Naili kutoka Ziwa Viktoria hadi Mediterania mwaka 2004, aliujua mto huu kama mtu ajuavyo uani kwake. Desemba 2010 mamba alimchukua huko Kongo, katika Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Hayakuwa maporomoko yaliyomchukua. Pale maji yalikuwa shwari. Nikikumbuka hilo naona uzito wa kwenda mto wa mbali: hata bingwa huingia humo kama mgeni.

Siku hizi kijana hufika ukingoni akiwa ameshauona mto kwenye simu. Kamera iko kwenye kofia, wenzake wanangoja picha, na anayebeba kayaki begani huitwa mwoga. Hilo linaniuma kuliko mabwawa, maana hili tumelifanya kwa hiari yetu.

Nawe ukifika Itanda, chuchumaa kwanza utazame. Na ukikutana na mtu amebeba kayaki begani, mpishe njia, umwamkie kwa heshima.