Kioo Kisichobaki na Mchirizi

Mtazame fundi aliyezoea kusafisha madirisha ya shule au ya duka hapa Matete, Kakamega. Maji hayagusi kwanza. Anachukua brashi kavu, anatoa vumbi kwenye fremu ya chuma na pembeni mwa kioo, kwani vumbi la murram linaloachwa na trekta za miwa likilowa huwa tope, na chembe zake hukwaruza. Ndipo anapaka maji yenye sabuni ya vyombo, matone machache tu, maana povu likizidi huacha ukungu.

Kisha kipangusio cha mpira. Kwa kitambaa anakausha mstari mwembamba juu kabisa, ili mpira uanzie pakavu, halafu anauvuta hadi chini bila kusita. Mvuto wa pili unapanda kidogo juu ya wa kwanza, na kila akimaliza mmoja anapangusa ukingo wa mpira. Akisahau mara moja tu, mchirizi utabaki, na jua likipiga kila mpita njia atauona. Kifaa hicho chepesi cha shaba kilipewa hataza Marekani mwaka 1936, kikiwa kimebuniwa na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Madirisha yetu mengi ya zamani yana vioo vidogo vilivyoshikwa kwa puti, kwa hiyo fundi hukata mpira ulingane na upana wa kioo. Hufanya kazi asubuhi: jua kali hukausha sabuni kabla hajaivuta, na mchana mvua ya Kakamega haina miadi. Saruji iliyorukia kioo kipya huitoa kwa wembe, kioo kikiwa kimelowa chapachapa, akisukuma kwenda mbele tu, kwa kuwa akiurudisha wembe ataburuta mchanga chini yake. Mimi huweza kusimama kumtazama mtu wa namna hii mpaka amalize ukuta mzima.

Je, anayeanza aende kozi? Naam, aende, na hasa kwa ajili ya mwili wake. Mvuto wa mpira atauiga kwa kukaa kando ya fundi. Lakini kwamba ngazi inayofika mita 4 ukutani miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani, au kwamba dawa ya kung'arisha nguo kama Jik haichanganywi kamwe na dawa ya choo yenye asidi kwa sababu hutoa gesi ya klorini, hayo hayafai kujifunzwa kwa kuumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na usimamizi, kwa hiyo gharama isiangukie kijana wa kibarua.

Tena vijana wetu hawaishii Matete. Wanakwenda Eldoret na Nairobi, kwenye maghorofa ya vioo vitupu. Kwa wanaoning'inia kwa kamba, mfumo wa IRATA wa Uingereza hutoa mafunzo ya siku 4 na mtihani siku inayofuata, lakini kupanda kutoka daraja la kwanza hadi la pili hudai saa 1,000 kambani na miezi 12. Huo ndio mpango ninaouamini: darasa fupi, mkono mrefu.

Chuo cha ufundi cha kaunti kikitaka kuanzisha kozi hii, kianzie kwenye madirisha yake chenyewe, yale ya chuma na puti, fundi wa mtaani akilipwa kama mwalimu.