Uso wa Tatu Kutoka Kushoto

Kabla hajaitazama picha, fundi huigeuza nyuma. Mgongo wa picha ya zamani huwa na habari zake: muhuri wa studio, bei iliyoandikwa kwa penseli, mabaki ya gundi ya albamu. Hii aliyoletewa leo hapa Ukunda ina wino uliofutika. Anazima taa ya dari, anawasha tochi ndogo na kuilaza kando ya meza ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Wino umekwenda, lakini mkandamizo wa kalamu umebaki. Anaisogeza tochi kidogo kidogo, mpaka herufi zinajitokeza: Msambweni. Chini yake, 8/78.

Mwenye picha ni mzee aliyekuja na mjukuu wake. Nyumbani kwao inaitwa picha ya siku ya Kenyatta. Tarehe 21 Agosti 1978 Rais Jomo Kenyatta alikuwa Msambweni, akatumbuizwa kwa ngoma. Usiku wa kuamkia tarehe 22 akafariki dunia Mombasa. Pichani hayumo. Waliomo ni wanawake waliovaa hando, wamepanga mstari, na nyuma yao umati chini ya minazi.

"Mwezi na mwaka upo, baba," fundi anamwambia. "Siku haikuandikwa."

Mzee anaitikia kwa kichwa. Anamwambia dada yake yumo kwenye ule mstari.

Tatizo ni kioo. Picha imekaa kwenye fremu miaka mingi bila nafasi kati yake na kioo, na unyevu wa pwani umefanya kazi yake. Gelatini inayobeba taswira huvuta maji, ikalainika, ikashika kioo. Kiangazi kikaikausha hapo hapo. Wengi wakifika hapa huibandua kwa kucha au kisu, na nyuso hubaki kwenye kioo. Fundi huyu habandui. Anang'oa misumari midogo ya fremu, anaondoa ubao wa nyuma ulioliwa na mchwa, kisha anakisafisha kioo upande wa nje tu, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, bila kukikandamiza.

Ataipiga picha hiyo picha, kioo na vyote. Kamera anaifunga kwenye stendi ikitazama chini, na kuhakikisha imenyooka anatumia pimamaji, kifaa kile kile cha waashi, kwanza juu ya meza na halafu mgongoni mwa kamera. Taa mbili anaziweka kushoto na kulia, kila moja ikiwa imeinama nyuzi 45, mwanga usirudi machoni pa lenzi. Kati ya kamera na kioo ananing'iniza kitambaa cheusi chenye tundu la kupitisha lenzi. Anapuliza vumbi kwa mpira wa mkononi, anangoja litue, anapuliza tena. Anapiga, anakagua pembe nne, anasogeza taa ya kulia upana wa kidole, anapiga upya. Mjukuu ameshaanza kutazama saa.

Kisha anaisoma. Anamuuliza mzee bahari ilikuwa upande gani, naye anajibu bila kusita kwamba mpiga picha aliipa mgongo. Basi kamera ilitazama magharibi, na kaskazini ni mkono wa kulia. Makuti ya minazi yote yamelalia kulia: upepo watoka kusini, ni kusi. Vivuli ni vifupi na vimeangukia kushoto. Kwetu Msambweni, kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri mwezi wa Agosti hupita upande wa kaskazini na kivuli huenda kusini. Desemba mambo hugeuka, kivuli na upepo pia. Karatasi nayo ni ile yenye ngozi ya plastiki, iliyoenea miaka ya 1970. Kila kitu kinakubaliana na maandishi. Hakuna kinachotaja tarehe 21, naye haitaji.

Uzoefu huo ameupata kwa picha za watu wa kawaida. Anautambua muhuri wa N. V. Parekh wa Mombasa, ambaye studio yake ilipiga familia nyingi za pwani. Anayajua mapazia yaliyochorwa meli na ndege ya wapiga picha wa Likoni wa miaka ya 1990. Akiona kiwanda cha sukari cha Ramisi kikitoa moshi, anajua picha ilipigwa kabla ya 1988.

Kwenye kompyuta anahifadhi kwanza nakala isiyoguswa, ndipo afanye kazi kwenye nyingine. Anaikuza mpaka mkono wa mchezaji mmoja unajaza skrini. Kuvu wameacha vidoadoa vyeupe kila mahali. Programu ina kitufe cha kufuta vidoa vyote kwa mara moja, na hakitumii, kwa sababu wanawake hawa wamevaa shanga, na kitufe hakijui shanga wala kuvu. Yeye anajua. Ushanga una kivuli chembamba chini yake na una mwenzake kwenye uzi, kuvu hana. Kwa hiyo anakwenda kimoja kimoja. Anachukua rangi ya kijivu ya pembeni kabisa mwa doa, anaigusisha, anapunguza brashi, anasogea. Penye shaka anaacha. Mkufu mmoja unamchukua muda ambao fundi mwingine angekuwa ameshalipwa na kufunga duka, na ukiisha, shanga zote zimo shingoni, hakuna iliyofutwa wala iliyoongezwa. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake ulipo, katika kila ushanga aliouacha.

Uso wa tatu kutoka kushoto umeliwa wote. Limebaki paji la uso na sikio moja. Huyo ndiye dada yake mzee.

Mjukuu anatoa simu. Anasema ipo programu inayojaza sura kwa sekunde chache, ameshaijaribu. Fundi anaitazama: msichana mzuri, macho makubwa, tabasamu. Anamwonyesha mzee.

"Ndiye?"

"Siye," mzee anasema.

Fundi anarudi kwenye skrini. Mpasuko unaopita begani anauziba, kwa sababu kitambaa kinaonekana pande zote mbili na mistari yake inajulikana inakokwenda. Kingo za doa anazituliza ili jicho lisikwame hapo kabla ya kuona wengine. Usoni haweki kitu.

Nakala mpya inatoka. Fremu anaitia kioo kingine na karatasi ya pembeni, unene wa kadi, ili kioo kisiguse picha tena. Ile ya asili, na kioo chake, anaifunga kwa karatasi nyeupe na kumwambia mzee asiitundike ukuta unaopigwa na jua. Halafu anaigeuza nakala na kuchukua penseli. Anaandika Msambweni, Agosti 1978. Anaandika kilichotengenezwa: vidoa, mpasuko wa begani. Anaandika kwamba uso wa tatu kutoka kushoto umepotea na haukujazwa, kisha anamwomba mzee jina la dada yake, aliweke hapo.

"Na wengine, baba?"

Mzee anawataja wanne. Wa sita na wa saba hawakumbuki. Anasema yuko bibi mmoja Gazi atakayewajua. Fundi anapiga mistari miwili mitupu, anamkabidhi picha pamoja na penseli.