Mtindo wa Lugha katika Miongozo ya Mafundi wa Ndege

Wahakiki wengi huupima mtindo kwa wingi wa maana. Naona miongozo ya mafundi wa ndege, za kijeshi zikiwemo, yastahili kipimo kingine. Kanuni za Kiingereza cha kiufundi kilichorahisishwa, zilizotolewa Ulaya mwaka 1986, hudai kila neno libebe maana moja, na sentensi ya maagizo isizidi maneno 20. Onyo hutangulia hatua, kwa kuwa fundi hutenda huku akisoma.

Kiswahili kina "funga": funga mlango, funga kamba, funga nati. Katika ushairi huo ni utajiri. Kwenye injini ni hatari. Tafsiri ikisema "funga" panapohitajika "kaza", fundi anaweza kuiacha nati ikiwa legevu. Kosa hilo la kimtindo atalilipia rubani.