Fundi wa Nguvu Chache

Kujituma tumefundishwa tangu utotoni: amka mapema, jikaze, maliza ulichoanza, mwili ni mazoea. Kwa mtu mwenye afya ni mafunzo mema. Lakini wapo watu ambao kazi yao ngumu kuliko zote ni kuacha, tena kuacha mapema, wakati mkono bado unataka kuendelea. Wanaoiweza kazi hiyo ni mafundi kamili, na sijaona wakisifiwa inavyostahili.

Ninayemjua kwa karibu ni dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayeishi Tanga. Zamani alikuwa mwalimu wa sekondari Dar es Salaam. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipolikumba jiji, naye ilimpata. Homa ikapita, maumivu ya viungo yakapita, uchovu ukabaki. Wiki zikawa miezi. Akapimwa malaria, taifodi, kisukari, kifua kikuu, upungufu wa damu. Majibu yote yakarudi safi, na hospitali moja ikamshauri apunguze mawazo na afanye mazoezi. Akafanya, kwa bidii ya kialimu. Mwisho wake akawa mtu wa kitandani, pazia limeshushwa mchana, hawezi kuvumilia hata sauti ya mwiko ndani ya sufuria.

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Madaktari huuandika kwa herufi ME/CFS, nasi twaweza kuuita uchovu sugu. Mara nyingi huanza baada ya maambukizi, na baadhi ya watu waliopata Covid-19 wakashindwa kupona vizuri wamejikuta humo humo. Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha pamoja na magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969. Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake ya 2015, ilitaja makadirio ya wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 nchini humo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Angalau robo ya wagonjwa, ilisema ripoti hiyo, hufikia hali ya kutotoka nyumbani au kitandani katika kipindi fulani cha ugonjwa.

Kinachoutofautisha na uchovu wetu wa kawaida ni ucheleweshaji wake. Mgonjwa akivuka kiasi chake, haanguki hapo hapo. Anaweza kufua, kupika, kucheka na wageni, akalala akijiona yu mzima. Kipigo huja baadaye, mara nyingi kati ya saa 12 na 48, na kinaweza kumlaza siku kadhaa au wiki nzima. Ni mkopo wa kausha damu: unapewa leo bila maswali, marejesho yanaanza keshokutwa, na riba huijui mpaka wamekuja mlangoni. Watafiti wa Marekani wameliona jambo hili kwa vipimo. Ukimpandisha mtu mwenye afya kwenye baiskeli ya kupimia pumzi leo na kesho, matokeo ya siku zote mbili hukaribiana sana. Kwa mgonjwa wa uchovu sugu, siku ya pili mara nyingi uwezo unashuka: mwili unaishiwa pumzi kwenye kazi ambayo jana uliimudu.

Sasa fikiria ugumu wake. Sisi wengine tunaongozwa na mwili, ukichoka unapumzika. Huyu mwili wake hautoi onyo kwa wakati, kwa hiyo lazima ajue bei ya kila jambo kabla hajalifanya, na aache akiwa bado anajisikia vizuri. Siku moja nilimkuta saa nne asubuhi amelala chali, kitambaa cheusi machoni. Nikamuuliza, “Dada, umechoka?” Akajibu, “Bado. Ndiyo maana nimelala.”

Nimekaa naye akichambua mchicha. Kaketi juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta, miguu kainyoosha, sinia limo mapajani ili mikono isiinuke. Fungu la mchicha liko upande wa kulia, bakuli kushoto, mfuko wa taka katikati ya magoti. Hakuna cha kuinamia wala cha kunyanyukia. Simu kaitega ilie baada ya dakika nane. Anachambua taratibu, bila kuzungumza, kwa sababu kuzungumza nako ni kazi. Kengele ikalia, mabua matatu yamebaki. Akaliweka sinia chini, akajilaza pale pale mkekani.

“Dada, mabua matatu tu hayo,” nikamwambia.

“Ndiyo hayo matatu yanayoniua, mdogo wangu.”

Mimi ningemaliza. Karibu kila mwanamke niliyekua naye angemaliza, na angeona aibu kuyaacha. Kuyaacha yale mabua matatu kulihitaji nidhamu ambayo nimeiona kwa watu wachache sana, nayo hakuipata kwa siku moja.

Aliipata kwa kuandika. Ana kaunta buku alilolichora mistari kama alivyokuwa akichora daftari la mahudhurio: alichofanya, kwa muda gani, amekaa au amesimama, kisha hali yake siku ile, kesho yake na keshokutwa. Analisoma kwa kurudi nyuma. Akianguka Alhamisi, hatafuti sababu Alhamisi. Anafungua Jumanne na Jumatano. Kwa njia hiyo akagundua mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Kusimama tuli jikoni kunamgharimu kuliko kutembea polepole uani. Kuinua mikono juu ya mabega, kama wakati wa kuanika nguo au kusuka nywele, ni ghali mno. Basi akaishusha kamba ya nguo mpaka usawa wa kifua na nywele akazikata. Joto la Februari linamla hata akiwa amekaa. Na ugomvi wa dakika tano kwenye simu unampiga kuliko kufua shuka, habari ambayo ilitufanya ndugu zake tujitazame upya.

Baada ya hapo, nyumba nzima ikapangwa upya, kidogo kidogo. Maharage yanalowekwa usiku. Nazi haikuniwi nyumbani tena. Inanunuliwa imeshakunwa sokoni, na anayeletewa hasemi samahani. Chai inapikwa mara moja, inakaa kwenye chupa. Bafuni kuna kigoda, ndoo hujazwa nusu ili isimlemee kuisogeza, na baada ya kuoga anajifunga khanga na kwenda kulala kwanza. Kuvaa ni kazi nyingine, ina zamu yake. Nguo zinafuliwa mbili mbili. Asubuhi, kabla hajainuka, anahesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni. Wagonjwa wengi hujiwekea mpaka: mapigo yakizidi yale ya mapumziko kwa 15 hivi, wanakaa au wanalala, hata kama wako katikati ya jambo. Naye huufuata mpaka huo.

Swala anaswali amekaa. Dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, na akishindwa kukaa basi aswali amelala kwa ubavu. Aliwahi kuniambia kuwa hiyo ndiyo ruhusa pekee ambayo hakuna jirani aliyemuuliza uhalali wake. Nyingine zote zilimbidi azipiganie.

Kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, kinaonekana siku njema. Siku mbaya inajiamulia yenyewe. Hata asiye na ufundi atalala. Lakini inafika asubuhi moja kichwa chepesi, miguu imerudi, upepo wa bahari unaingia dirishani, na uwanja haujafagiliwa wiki mbili. Kila kitu mwilini kinamwambia fidia sasa. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapovunjika, kisha wanarudi kitandani, kisha siku njema nyingine inawadanganya tena. Yeye siku kama hiyo anafanya yale yale ya jana. Anachojiongezea ni kukaa barazani, akatazama watu wanaopita. Profesa Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, ameuchunguza mwenendo huu kwa miaka mingi: wagonjwa wanaotumia nguvu kwa kadiri ya walizonazo, bila kuzidisha sana, huwa na hali nafuu kuliko wanaovuka mara kwa mara. Dada yangu alilifikia hilo kwa kaunta buku.

Katika watu mashuhuri, fundi ninayemvulia kofia ni mwandishi wa Marekani Laura Hillenbrand. Aliugua mwaka 1987, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19. Kitabu chake kuhusu farasi wa mashindano, Seabiscuit, kilichotoka 2001, alikiandika akiwa na kizunguzungu kilichofanya ukurasa ucheze mbele ya macho. Siku nyingi alipata aya moja au mbili tu. Akishindwa kukaa mezani alihamishia kompyuta kitandani. Akishindwa kusoma alijilaza, akafumba macho na kuandika hivyo hivyo. Kwa Unbroken, kilichotoka 2010, alimhoji mhusika wake Louis Zamperini kwa simu, mara nyingi mno, bila kwenda kumwona. Hakuweza kushinda maktaba akipekua magazeti ya zamani, akayanunua magazeti yenyewe yakaletwa nyumbani. Wasomaji husifu jinsi vitabu vile vinavyokwenda mbio. Mimi huvutiwa na mwendo uliovizaa.

Ilichukua muda mrefu kwa waganga kuwasikiliza mafundi hawa. Mwongozo wa Uingereza wa 2007 uliwashauri wenye ugonjwa mwepesi na wa kadiri waongeze mazoezi hatua kwa hatua kwa ratiba maalumu. Wagonjwa wakalalamika miaka na miaka kuwa inawaharibu. Oktoba 2021 taasisi ile ile iliyotoa mwongozo huo, NICE, iliuondoa ushauri wa namna hiyo, ikaelekeza mgonjwa asaidiwe kuishi ndani ya mipaka ya nguvu zake. Kwa maneno mengine, elimu ya mabua matatu ikaingia kwenye kitabu cha daktari.

Tusiutukuze kupita kiasi, lakini. Ufundi huu hautibu. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitika kuuponya ugonjwa. Kuna waliozidiwa kiasi kwamba kugeuka upande wa pili kitandani ni kuvuka mpaka, na hao hawana pa kupunguza zaidi. Tena ufundi wenyewe unahitaji mtaji. Dada yangu ana bomba uani na mpwa anayemletea sokoni. Mwanamke mwenye ugonjwa huo huo, anayebeba ndoo kutoka kisimani na mtoto mgongoni, anaweza kujua hesabu zote za nguvu zake na bado asiwe na njia ya kuzitii. Anaitwa mvivu, pengine anaambiwa karogwa, na keshokutwa anabeba ndoo tena.

Na hapa kwetu pana kikwazo kingine: wageni. Mgeni huja bila taarifa, na heshima inadai umwinukie, umpikie, ukae naye. Dada alilisuka upya hata hilo. Chupa ya chai, vikombe na kashata viko mezani tangu asubuhi. Mgeni anajimiminia mwenyewe, mwenyeji anazungumza naye akiwa amejinyoosha kwenye kochi. Mwanzoni shangazi mmoja alinuna. Siku hizi ndiye anayefika, anamimina vikombe viwili, anakaa robo saa, anaaga bila kusubiri kuzuiwa. Harusi dada huhudhuria akdi tu. Anapumzika siku mbili kabla, anakuja amependeza, anambusu bibi harusi, anaondoka vigelegele vikiwa bado vimepamba moto, na siku mbili zinazofuata mlango wake haugongwi.

Ikiwa nyumbani kwako au mtaani kwako yuko mtu wa namna hii, mchotee maji kabla hajaomba. Piga simu kabla ya kwenda, uliza kama leo anaweza, na akisema hapana usimtake maelezo. Ukimkuta kalala mchana na kazi imebaki kidogo, imalizie wewe, kimya kimya. Na lile neno “jikaze” usimwambie kamwe.